Je, raba laini ya tenisi ya meza kweli ndiyo rahisi kudhibiti?

Ukigeuza pakiti ya raba ya tenisi ya meza, ile inayobandikwa kwenye ubao wa raketi, mara nyingi utakuta namba ya digrii: 36, 39, 47.5 au 50. Hayo si joto. Ni ugumu wa sponji iliyomo, na namba hiyo huzua ubishi kuliko rangi au jina la kampuni. Maelezo yanayopokezanwa kati ya wachezaji ni mafupi: raba laini ni ya kujifunzia kwa sababu inadhibitika, raba ngumu ni ya mabingwa kwa sababu ina kasi. Ni kweli nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo inayowafanya watu wabadilishe raba kila mara bila kupata wanachokitafuta.

Tuifungue raba yenyewe. Raba ya kawaida ya siku hizi ina matabaka mawili. Juu kuna ngozi ya mpira, yenye uso uliosawazika upande wa nje na vinundu vidogo upande wa ndani. Chini yake kuna sponji iliyogandishwa kwenye vinundu hivyo. Sheria za shirikisho la kimataifa, ITTF, zinataka matabaka hayo pamoja na gundi yasizidi unene wa milimita 4. Mpira unaochezewa una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7. Kasi, mzunguko (jinsi mpira unavyojizungusha hewani) na hisia ya mkononi vyote huzaliwa ndani ya hizo milimita nne, kwa muda usiopita sehemu moja au mbili za elfu za sekunde.

Mpira unapogonga raketi, ngozi hubonyea, vinundu hupinda, kisha sponji hujikandamiza. Sponji laini hukubali kubonyea hata kwa pigo dogo: mpira unazama, sponji inakusanya nguvu, halafu inaufyatua kama manati. Sponji ngumu, kwa pigo hilo hilo dogo, haibonyei vya kutosha, kwa hiyo mpira unaondoka na nguvu ya mkono wako na si zaidi.

Sasa ongeza nguvu. Piga kwa bega na kiuno. Sponji laini inabonyea mpaka inaishiwa, na mpira unakutana na ubao ulio nyuma yake. Kuanzia hapo nguvu unayoongeza haigeuki mzunguko kama ulivyokusudia. Mpira unaruka bapa, na hujui utatua wapi. Sponji ngumu bado ina nafasi ya kubonyea. Ndiyo maana nasema ugumu hauamui raba ina udhibiti kiasi gani. Unaamua ni kwenye pigo la nguvu gani raba hiyo itakutii.

Chukua mpira mmoja wa kawaida kabisa. Mpinzani ameanzisha kwa mpira mfupi wenye mzunguko wa nyuma, na wewe unataka kuugusa tu, urudi chini na mfupi, ikiwezekana udunde mara mbili upande wake kabla hajapata nafasi ya kushambulia. Hapa raba laini, hiyo hiyo inayosifiwa kwa udhibiti, inaweza kukuponza. Manati yanafyatuka bila kuombwa, mpira unapanda sentimita chache juu ya wavu, na huyo mtu anaumaliza. Kwa raba ngumu mpira unabaki pale ulipouweka. Wachezaji wa kiwango cha juu huhangaikia sana mpira huu mfupi, na ni sababu mojawapo ya kupenda raba ngumu, ingawa kasi ndiyo inayotajwa kila siku.

Geuza hali. Mpinzani ameshambulia kwa mzunguko wa mbele, si mkali sana, na wewe umesimama karibu na meza ukizuia. Raba laini inaupokea mshtuko, mpira unakaa kidogo zaidi kwenye uso wake, na hata pembe ya raketi ikikosewa kidogo mpira unarudi mezani. Raba ngumu haina huruma hiyo. Inataka pembe sahihi na mkono unaokwenda mbele, si mkono uliosimama. Lakini shambulio likiwa zito kweli kweli, mizani inageuka tena: sponji laini inabonyea mpaka mwisho, mpira unaruka ovyo, na ngumu ndiyo inayotulia.

Kwenye kuzungusha mpira, mwanafunzi huumia kwa namna moja inayotabirika. Ili mpira ushikwe na kuzungushwa, lazima uzame kidogo kwenye raba. Kwa raba laini unazama hata mkono ukienda polepole, hivyo unapata upinde mzuri juu ya wavu. Kwa raba ngumu unazama tu ukija na mkono wa kasi. Usipokuwa nao, mpira unateleza na kuishia kwenye wavu. Anayenunua raba ya bingwa anadhani amenunua mzunguko, kumbe mzunguko ule ulikuwa mkononi mwa bingwa.

Ma Long wa China, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya mchezaji mmoja mmoja huko Rio de Janeiro na tena Tokyo, anajulikana kwa kutumia raba ya Hurricane 3 ya kampuni ya DHS upande wa kiganja (forehand): sponji ngumu yenye ngozi inayonata. Wengi wa mtindo huo huweka raba laini zaidi upande wa mgongo wa mkono (backhand). Sababu yake ni nafasi. Pigo la kiganja lina mzunguko mrefu wa mwili unaoweza kuiamsha sponji ngumu. La mgongo wa mkono hufanyika mbele ya tumbo, kwa kifundo na kigasha, na linahitaji sponji inayosaidia.

Na hisia? Raba laini hutoa mlio mzito uliofifia, na mkono unahisi kama mpira umeshikwa. Ngumu hutoa mlio mkali na mtetemo wa ubao hufika mkononi waziwazi. Wengine huuita huo mtetemo ukavu, wengine uwazi. Mimi niko upande wa pili. Ila tusijidanganye kwamba unahisi mpira na kuurekebisha ukiwa bado kwenye raba. Neva haziwezi kwenda mbio hizo; ubongo unapopata taarifa, mpira umeshaondoka. Hisia hukusaidia kwa mpira unaofuata. Na sauti ni sehemu ya taarifa hiyo. Mwaka 1952, kwenye mashindano ya dunia mjini Bombay, Hiroji Satoh wa Japani alishinda akiwa na raketi ya sponji nene. Wapinzani waliokuwa wamezoea mlio wa raba za vinundu vya nje zisizo na sponji walijikuta wakicheza na raketi iliyo karibu bubu, na walichanganyikiwa. Mwaka 1959 unene wa raba ukawekewa mipaka.

Baadaye wachezaji waligundua njia ya kuwa na ugumu na ulaini kwa pamoja. Gundi zenye viyeyusho zilipakwa kabla ya mechi, zikaivimbisha sponji na kuivuta ngozi, na raba ngumu ikafyatua kama laini. ITTF ilipiga marufuku gundi hizo mwaka 2008 kwa sababu za afya, na viwanda vikawa na kazi ya kuweka mvutano huo ndani ya raba tangu inapotengenezwa.

Namba za pakiti nazo zina mtego: Wajapani, Wajerumani na Wachina kila mmoja ana kipimo chake. Kampuni ya Butterfly ya Japani huipa raba yake ya Tenergy 05 digrii 36, toleo laini liitwalo FX digrii 32, na toleo liitwalo Hard digrii 43. Raba nyingi zinazotengenezwa Ujerumani zenye 47.5 ziko karibu na hiyo 36 ya Kijapani, wakati 39 ya Kichina ni ngumu kuliko zote mbili. Linganisha namba ndani ya kampuni moja tu. Kumbuka pia kwamba ngozi ina ugumu wake ambao namba haiusemi, na kwamba baridi huikakamaza raba yoyote, hivyo ile uliyoizoea kwenye ukumbi wenye joto itakuwa ngeni asubuhi ya baridi.

Anayefikiria kubadilisha na aangalie makosa yake yanaangukia wapi. Mipira mifupi ikipanda na mapigo makali yakitoka nje ya meza, sponji ngumu kidogo inafaa kujaribiwa. Mipira ya kuzungusha ikifia kwenye wavu na kuzuia kukishindikana, rudi kwenye laini. Na kama ulaini unakufaa kila mahali isipokuwa kwenye mpira mfupi, chukua raba hiyo hiyo yenye sponji nyembamba, ya milimita 1.8 badala ya 2.1, manati yatapungua, ila kwenye pigo kali utaufikia ubao mapema zaidi.