Uzito wa juu haujafa, umehama

"Siku hizi uzito wa juu hauna mabondia." Wanaosema hivyo wengi wao walikua wakimtazama Mike Tyson. Waliopungua ni Wamarekani tu: Muingereza Tyson Fury alipomvua Mmarekani Deontay Wilder mkanda wa ubingwa wa dunia wa shirikisho la WBC mwaka 2020, miaka mitano ikapita bila Mmarekani kutwaa hata mmoja wa mikanda minne mikubwa. Vijana wao wenye maumbo makubwa huvutwa na pesa za NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, na NBA ya mpira wa kikapu.

Kwingine mambo yanachemka. Mei 2024, Usyk wa Ukraine alimshinda Fury mjini Riyadh, akakusanya mikanda yote minne. Agosti, Los Angeles, Martin Bakole wa Kongo alimwangusha Jared Anderson, tegemeo la Wamarekani, raundi ya kwanza kwa konde lililotoka chini. Ya tano akammaliza. Ninachokihofia mimi ni umri: Usyk ni wa 1987, Fury 1988. Ila Muingereza Moses Itauma ni wa 2004.