Mbegu haili mbolea yako

Masika yakikaribia, dukani kwangu hapa Moshi nasikia maneno yaleyale kutwa: "Bila mbolea, mbegu haioti." Msimu uliopita mzee mmoja wa upande wa Himo alinirudishia mfuko wa mahindi uliobaki nusu. "Mangi, umeniuzia mbegu mbovu." Nikamuuliza alipandaje. Kizibo cha soda kimejaa DAP, mbolea ya kupandia, shimoni, mbegu juu yake, akafukia. "Ili zianze kula mapema."

Mbegu hazikuwa mbovu. Aliziunguza mwenyewe.

Loweka punje ya hindi usiku kucha, halafu uipasue. Upande ulio bapa, karibu na ncha, kuna kipande cheupe kimejilaza. Ndicho kiinitete: mche mzima, mzizi na chipukizi vimekwisha kuumbika. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga, na hilo ndilo ghala lake. Maji yakiingia, vimeng'enya huanza kuugeuza wanga kuwa sukari, na mzizi hutoka kwa kula akiba hiyo. Wakati huo mbegu inadai maji, hewa na joto, basi. DAP ikiigusa, chumvi yake huinyima maji na amonia huchoma ncha ya mzizi. Mbolea ni ya mche wenye mizizi. Kwa hiyo itangulie shimoni, ifunikwe na udongo unene wa vidole viwili au vitatu, ndipo mbegu ifuate.

Usiyeamini, viringisha maharage kumi kwenye kitambaa kilicholowa, uyaweke kabatini, kitambaa kisikauke. Hakuna udongo, hakuna mbolea, hata mwanga hakuna. Wiki ikiisha, hesabu. Mimi nimechoka kubishana. Tena kila mtu angefanya hivi kabla ya kupanda mbegu ya kuhifadhi mwenyewe: zikiota chini ya nane, tafuta nyingine.

Mengine hayana maneno mengi. Yale mapande mawili manene yanayosinyaa na kudondoka kwenye mche wa maharage si ugonjwa, msije kuniomba dawa. Ni kotiledoni, ghala limekwisha. Ila usiyabandue kabla ya wakati wake.

"Limebunguliwa kidogo tu, litaota." Huenda, lakini fukusi amekula akiba, na mche utatoka mwembamba kama uzi. Kwenye hindi, akitoboa penye kiinitete, halioti kabisa hata kama punje yote iliyobaki ni nzima. Kama hayajatiwa dawa, wape kuku.

Mama mmoja alimenya maharage yake ili yaote haraka. Yalioza. Ganda ndilo linalokinga dhidi ya ukungu na wadudu wa udongoni, na maji yanapita bila msaada wetu.

Na wapo wanaopanga mahindi punje moja moja, ncha chini, mgongo unauma. Punje ikilala vyovyote, mzizi utajikunja wenyewe kuelekea chini. Dondosha, fukia, nenda shimo linalofuata.