Mtaa Umetajirika, au Wenyeji Wamehama?

Juma lililopita, katika kikao kimoja hapa Mtwara mjini, mtu mwenye elimu yake alisimama akasema kwamba wakazi wa mitaa ya pembezoni wametajirika, kwa kuwa sensa imeonyesha hivyo. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii chai yangu ilipoa mbele yangu. Karani wa sensa hamuulizi mtu kipato. Huuliza umri, elimu, shughuli, paa, sakafu, choo na maji. Mapato huulizwa katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, kama ule wa 2017/18, ambao sampuli yake hutosha kuuzungumzia mkoa. Anayeishusha hadi mtaani anapiga ramli.

Hilo ni dogo. Linaloniudhi hasa ni watu kuuchukulia mtaa kama mtu mmoja aliyekuwa maskini jana na leo amenenepa. Chukua mfano wa kubuni: mtaa una kaya kumi, kila moja ikipata shilingi 200,000 kwa mwezi. Mashamba ya mikorosho yanapimwa viwanja, kaya tatu zinauza na kuhamia mbali zaidi, na mahali pao wanaingia watumishi watatu wenye kipato cha shilingi 1,500,000 kila mmoja. Wastani wa mtaa unaruka kutoka 200,000 hadi 590,000, karibu mara tatu, ilhali katika zile kaya saba zilizobaki hakuna iliyoongeza hata senti. Ukizipanga kaya zote kwa foleni kuanzia yenye kipato kidogo, zile za katikati bado zina 200,000 zao. Na zile tatu zilizouza? Hazimo kwenye dodoso, kwa sababu mdadisi hubisha hodi kwenye nyumba, hawafuati waliohama. Huenda zimenunua bodaboda na shamba kubwa zaidi, huenda fedha ya kiwanja iliishia kwenye harusi na matibabu. Takwimu za mtaa hazina neno juu yao.

Tulio hapa tangu wakati wa matumaini ya gesi tunaijua sura ya mabadiliko haya. Kabla ya bomba la kwenda Dar es Salaam kuzinduliwa mwaka 2015, kodi za pango zilipanda na nyumba za wageni zikachipuka kama uyoga. Mwenye vyumba vya kupangisha alifurahi. Mpangaji wa chumba kimoja alifungasha virago. Wote wawili walikuwa «wakazi wa mtaa».

Kuhusu idadi ya watu nitasema upesi. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,128,523 mwaka 2002, ukawa na 1,270,854 mwaka 2012, na 1,634,947 mwaka 2022. Ukuaji umepanda kutoka takribani asilimia 1.2 kwa mwaka hadi 2.5, lakini bado uko chini ya ule wa taifa, ambao ni 3.2. Wanaolalamika kwamba wageni wametujaa wakumbuke pia kwamba kata ikigawanywa, jina hubaki na mipaka huhama, kwa hiyo kulinganisha kata ya 2012 na ya 2022 bila ramani mkononi ni kulinganisha watu wasiofahamiana.

Sasa niseme mashaka yangu mwenyewe. Sisi tusio na takwimu za kipato hukimbilia bati na sakafu ya saruji, lakini bati huezekwa mara moja na hukaa miaka mingi hata mwenye nyumba akifilisika. Hata tukiuliza kipato moja kwa moja, mkulima wa korosho anayeulizwa mwezi Machi na yuleyule anayeulizwa Desemba, baada ya fedha za mnada wa korosho kupita chama cha msingi cha ushirika, ni kama watu wawili. Aidha, sensa za 2012 na 2022 zilifanyika Agosti na huhesabu watu pale walipolala, nami nashuku kwamba baadhi ya wenyeji wa pembezoni walikuwa bado vibandani mashambani wakihudumia mikorosho, huku mtumishi aliyehamia akiwa kitandani kwake mjini. Ikiwa ni hivyo, basi hata kabla ya kuuza kiwanja, mwenyeji alikuwa ameanza kupungua kwenye hesabu ya mtaa wake.