Kuanguka kuna ufundi: dhana potofu kuhusu uchale

Jumamosi moja pale soko la Mbuyuni, Moshi, mwenzangu alikuwa anapigana na mkungu wa ndizi. Akiubeba begani unateleza. Akiukumbatia unamziba uso. Akiuweka kichwani shingo inalala upande. Tulikubaliana ahangaike dakika tatu hivi, halafu mimi niingie na koti langu kubwa. Sikupata nafasi. Mama mmoja muuza maparachichi alinyanyuka, akavua kanga ya juu, akaisokota ngata, akamwekea yule bwana kichwani na kumtwika mkungu, huku akimsema: "Libaba lizima hujui kujitwika! Umelelewa wapi wewe?" Watu walicheka mpaka bodaboda zikasimama.

Alipokaa, mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyo ni mgonjwa?" Nikamwambia hapana mama, ni mchezo, tunafanya maonyesho ya uchale. Akasema, "Mchezo gani, upumbavu tu huo." Bado alikuwa anacheka.

Simlaumu. Sisi tunaofanya kazi hii ya kuchekesha kwa mwili tunaambiwa mengi, na mengine yanatoka kwa wasanii wenzetu.

"Chale ni yule wa pua nyekundu wa kwenye bethidei"

Huyo ni mmoja tu katika ukoo mkubwa. Uso uliopakwa chokaa na wekundu mashavuni aliupa umaarufu Joseph Grimaldi wa London, aliyezaliwa 1778 na kufa 1837, na kazi yake ilikuwa kwenye kumbi za tamthilia, mbele ya watu wazima.

Pua yenyewe ina kisa kingine. Jacques Lecoq, Mfaransa aliyefungua shule yake ya maigizo Paris mwaka 1956, aliiita kinyago kidogo kuliko vyote duniani. Miaka ya 1960 aliwaketisha wanafunzi wake duara akawaambia waingie katikati mmoja mmoja, wachekeshe. Wakaruka, wakapinda midomo, wakafanya kila kituko. Kimya. Wakarudi kuketi wamekasirika, wameona aibu, na hapo ndipo wenzao wakaanza kucheka. Waliwacheka jinsi walivyoshindwa. Ukinielewa hapo umeelewa karibu kazi yetu yote: chale anajaribu jambo kwa moyo wake wote, linamshinda, na haufichi uso wake linapomshinda. Rafiki yangu wa mkungu hakuwa anaigiza mtu wa kuchekesha. Alikuwa anataka ule mkungu ufike.

"Kuanguka tu! Nani hajui kuanguka?"

Njoo mazoezini siku moja. Tunafanyia kwenye ukumbi wa saruji, tumetandika magunia na godoro moja lililochoka. Mwezi wa kwanza wote mtu hasimami, anaanguka kutokea kuchuchumaa tu. Kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini. Pumzi unaitoa, huibani. Mwili unauviringisha kwa nyama ya bega na ya paja, kamwe usitue kwenye goti, kiwiko au mfupa wa mkia. Mkono unapiga sakafu ukiwa bapa, kwanza kusambaza uzito, pili kutoa kishindo, maana hadhira huanguka na masikio kabla ya macho. Mimi nilijifanya najua, nikatua na kifundo cha mkono. Wiki tatu nilikuwa nakula ugali kwa kushoto, na bibi yangu hakufurahi.

Buster Keaton, Mmarekani wa filamu bubu za kuchekesha, aliyefundishwa kuanguka na wazazi wake jukwaani tangu mtoto mdogo, mwaka 1924 alipigwa na maji ya tangi la reli wakati wa kurekodi, shingo ikagonga reli. Aliendelea na kazi. Miaka ilipita ndipo daktari akaona kwenye picha ya eksirei kwamba shingo ilivunjika. Katika filamu yake ya 1928 akasimama ukuta mzima wa nyumba umwangukie, akapona kwa sababu uwazi wa dirisha ulipita juu yake. Hapo hakuna bahati nasibu, palipimwa. (Wala sikwambii ukajaribu.)

Kofi nalo ni hesabu. Anayepiga hagusi shavu. Anayepigwa ndiye anayegonganisha viganja vyake chini ya kifua, na kichwa kinageuka sekunde ileile. Waigizaji wa vichekesho wa Kiitaliano wa karne ya 16 walikuwa na kifaa kabisa, vipande viwili vya ubao vilivyofungwa pamoja, vikigusa tu makalio vinalia kama mtu amechapwa fimbo.

Ujanja wa viganja ni mzuri kwenye ukumbi, ambako watu wote wako mbele. Sokoni watu wanakuzunguka. Siku ya kwanza tulipopiga kofi letu pale Mbuyuni, watoto waliosimama nyuma wakapiga kelele: "Hajampiga! Kajipiga mwenyewe!" Tuliumbuka. Jioni tukakaa tukajadili, na badala ya kulitoa kofi tukawapa watoto kazi ya urefarii. Sasa kila kofi likilia tunawageukia watuambie kama ni halali. Wakikataa, linarudiwa. Siku moja walikataa mara kumi na moja.

"Mnajitungia papo hapo"

Hilo la kofi ndilo tunaloita majaribio, nalo halifanani na kubahatisha. Wale Waitaliano walipanda jukwaani bila mazungumzo yaliyoandikwa, lakini walikuwa na hazina ya vituko walivyoviita lazzi, vilivyofanyiwa mazoezi miaka na miaka. Sisi tuna daftari. Tunabadilisha kitu kimoja, tunatazama watu wanafanyaje, tunaandika. Ndani yake kuna sentensi moja nimeipigia mstari: mtazame mkungu, watazame watu, mtazame mkungu tena. Ukiruka yale macho ya katikati, hakuna anayecheka. Tumejaribu mara nyingi, inakataa kila mara.

"Nikikaa mbele wataniaibisha"

Hofu hii ina haki yake, kwa sababu wapo washereheshaji wanaomvuta shangazi wa watu acheze kwa nguvu. Kwetu sheria ni kwamba chale ndiye wa chini kuliko wote pale. Anaomba msaada kwa macho. Ukitazama pembeni, amekwisha kujibiwa, anaenda kwa mwingine.

Mwongozaji wa maigizo Mbrazili Augusto Boal alikuwa Peru mwaka 1973 na waigizaji wake, wakicheza kisa cha mke aliyedanganywa na mumewe. Mwanamke mmoja katika watazamaji akatoa ushauri, waigizaji wakaufanya, akasema sivyo. Wakarudia, sivyo. Mwishowe akaambiwa apande mwenyewe. Alipanda na mpini wa ufagio, akamtandika "mume" barabara, ndipo akasema maneno yake. Boal akajenga mbinu yake juu ya mtazamaji anayepanda. Tanzania haikuwa nyuma: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa Malya, mkoani Mwanza, wakitengeneza maonyesho pamoja na wanakijiji juu ya matatizo yao wenyewe. Mama wa maparachichi hajasikia habari za yeyote kati yao. Alinyanyuka tu.

"Haya ni mambo ya Wazungu"

Hii huniudhi, nasema ukweli. Marehemu King Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, alitembea na mwili uliojua kuchekesha kabla mdomo haujafunguka. Na kabla ya wachekeshaji wote hao alikuwepo mtani, mtu wa kabila ambalo mila inaliruhusu kutania kabila jingine, hata msibani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msibani Kibosho. Kaburi limechimbwa kihambani, kati ya migomba, mjane ameshikwa huku na huku. Jeneza linakaribia, akatokea Mpare mmoja, mtani wa Wachaga, amevaa koti la marehemu, na fimbo ya marehemu. Akatembea kama mzee alivyokuwa akitembea, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, akasimama kukohoa kikohozi kilekile cha mara mbili. Hakuna aliyepumua. Akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani, akatangaza kwamba haondoki, mzee ana deni la Wapare.

Mtu akamletea noti ya elfu mbili. Akaitazama noti. Akatutazama sisi wote, taratibu, uso kwa uso. Akaitazama noti tena.

"Hata kaburini Mchaga anaomba punguzo?"

Mjane akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na wanaye wakageuka haraka kumtazama, kumbe anacheka. Pesa zikaongezwa. Mtani akainuka, akakung'uta udongo kwenye lile koti, akalitundika kwenye mgomba, akapokea koleo kutoka kwa kijana mmoja akasubiri jeneza lishushwe.