Je, wajua kwa nini mafumbo ya mpangilio huhitaji mchoro kabla ya jibu?

Kwa miaka mingi LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria nchini Marekani, ulikuwa na sehemu iliyowatia hofu watahiniwa wengi: mafumbo manne ya mantiki, yenye maswali kati ya 22 na 24, yote yakifanywa kwa dakika 35. Kila fumbo lilikuwa na chini kidogo ya dakika tisa, na hata hivyo mtahiniwa aliyeanza kwa kuchora, bila kugusa swali lolote, alikuwa na matumaini makubwa zaidi ya kumaliza kuliko yule aliyekimbilia maswali.

Tuchukue mfano. Mashahidi sita, F, G, H, J, K na L, watatoa ushahidi mmoja baada ya mwingine. F atamtangulia G, na G atamtangulia H. J atatoa ushahidi mara tu baada ya H, pasipo mtu kati yao. K atakuwa wa kwanza au wa mwisho.

Watu sita wasio na sharti lolote wanaweza kupangwa kwa njia 720, na anayejaribu kuzipitia moja moja kichwani atachoka kabla hajafika popote. Chora nafasi sita kwa mstari, kisha unganisha masharti matatu ya mwanzo yawe mnyororo mmoja: F, halafu G, halafu HJ walioshikamana kama kitu kimoja. Mnyororo huo peke yake huacha mipangilio 20. Pia husema mambo ambayo fumbo halikuyataja: J ana watu watatu mbele yake, kwa hiyo hawezi kuwa wa kwanza, wa pili wala wa tatu, F naye ana watatu nyuma yake, hivyo hawezi kupita nafasi ya tatu. Ukishamweka K kwenye ncha moja, amebaki L pekee, asiye na sharti, naye ana pengo nne tu za kuingia: kabla ya F, kati ya F na G, kati ya G na H, au baada ya J. Pengo nne kwa ncha mbili ni mipangilio minane.

Sasa likija swali, “Ikiwa L ni wa sita, nani ni wa tatu?”, jibu limekwisha kuwa karatasini. L amechukua ncha ya mwisho, K analazimika kuwa wa kwanza, na mnyororo unajaza zilizobaki: K, F, G, H, J, L. Wa tatu ni G.

Kosa linaloumiza zaidi, kwa maoni yangu, hutokea wakati wa kusoma masharti. “Kabla ya” huruhusu watu wengine katikati, ilhali “mara tu kabla ya” hauruhusu yeyote, na anayechanganya mawili hayo huchora kwa uangalifu fumbo lisilokuwepo. Vivyo hivyo, swali la kinacholazimika kuwa kweli hudai jambo linalosimama katika mipangilio yote iliyobaki. Kinachoweza kuwa kweli huhitaji mpangilio mmoja tu.

Umuhimu huo wa mchoro ndio pia uliozua malalamiko ya haki. Mtahiniwa asiyeona, hata akiwa na mantiki kali, hakuweza kuchora nafasi na kuzitazama tena kama wenzake. Kesi iliyofunguliwa kuhusu jambo hilo ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2019, ambapo waandaaji wa mtihani waliahidi kutafuta njia nyingine za kupima uwezo huo wa kufikiri. Kuanzia Agosti 2024 mafumbo hayo yaliondolewa katika LSAT, na nafasi yake ikachukuliwa na sehemu ya pili ya maswali ya kuchambua hoja fupi zilizoandikwa.