Parachichi Zikiwa Bado Mtini, Ankara Iwe Tayari

Mkulima anapofikiria forodha, akili yake hukimbilia bandarini: kontena limefika, ofisa amelifungua, karatasi zinakaguliwa. Kwa anayeuza matunda na mboga mbichi Ulaya, ukaguzi wa kwanza sasa hufanyika mzigo ukiwa bado haujafika huko. Umoja wa Ulaya una mfumo uitwao ICS2, unaodai maelezo ya kila mzigo mapema, kisha forodha huamua kama upite, uulizwe maswali au usipakiwe kabisa. Mizigo ya kawaida ya ndege iliingizwa humo Machi 2023. Ya meli ilifuata kwa awamu kuanzia tarehe 3 Juni 2024. Norway, Uswisi na Ireland ya Kaskazini zimo pia.

Maelezo hayo, yanayoitwa tamko, huwasilishwa na kampuni ya meli au ya ndege, au na wakala anayekusanya mizigo ya watu wengi. Hapo ndipo wauzaji wengi hujilegeza, wakidhani jambo haliwahusu. Lakini kampuni ya meli haijui umepakia nini. Inaandika alichosema wakala wako, naye wakala anaandika alichokikuta kwenye ankara yako. Ankara ile inayochapwa harakaharaka usiku, lori likiunguruma nje ya nyumba ya kufungashia, ndiyo chanzo cha kile ambacho forodha ya Ulaya itakisoma.

Basi nianze na jina la bidhaa, maana hapo ndipo makosa huzaliana. "Mboga mbichi" haitoshi. "Mazao ya kilimo" haisemi lolote. Mfumo unataka jina linaloeleweka bila kuulizia, pamoja na tarakimu sita za kwanza za namba ya HS, ile inayotambulisha bidhaa katika forodha za dunia nzima. Parachichi ni 0804.40. Sasa chukua neno letu maharage. Yale machanga, yanayochumwa pamoja na maganda yake mabichi, ni 0708.20. Makavu, ya kuchemsha na kuunga, yako kwenye kundi la 0713. Njegere nazo ni hivyohivyo: mbichi ni 0708.10, kavu ni 0713.10. Pilipili mbichi ni 0709.60, ikianikwa ikakauka inahamia 0904. Ukiandika "maharage" tu, umemwachia mtu aliye mbali akuchagulie, na chaguo lake linaweza kubadili ushuru na vyeti utakavyodaiwa.

Jina hilohilo lina kazi upande wa afya ya mimea. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, Umoja wa Ulaya unadai cheti cha usafi wa mimea kwa karibu kila tunda na mboga mbichi. Zilizosamehewa ni tano: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Kwa Tanzania cheti hicho hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na ndani yake parachichi huandikwa kwa jina la kitaalamu, Persea americana. Kwenye ankara mnunuzi anataka kuona aina ya parachichi, mathalani Hass. Forodha inataka namba. Karatasi tatu zinazungumzia tunda moja kwa lugha tatu, kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja katika biashara yako ambaye kazi yake ni kuzilaza mezani pamoja na kuzisoma mstari kwa mstari.

Uzito na idadi ya makasha ndivyo vinavyoumiza zaidi, na ninawaelewa wauzaji kabisa. Unatarajia makasha elfu tano. Parachichi zikifika kuchambuliwa, zenye makovu na zilizo changa zinatupwa kando, yanabaki makasha pungufu. Wakati huo wakala ameshapewa idadi ya matarajio. Kisha cheti kinabeba idadi moja na tamko idadi nyingine. Dawa yake ni ya shambani: chambua mapema, funga idadi, halafu ndipo utume taarifa. Anayetuma makadirio kwa sababu ya haraka atalipia haraka hiyo kwa marekebisho.

Kwa hiyo hesabu siku kwa kurudi nyuma. Kwa kontena la baharini, tamko linatakiwa saa 24 au zaidi kabla halijapakiwa kwenye meli itakayoliingiza Ulaya, na kampuni za meli hujiwekea mwisho wao wa mapema zaidi. Kwa ndege, taarifa za msingi hutakiwa kabla ya kupakia, na kwa safari ndefu tamko kamili liwe limefika saa 4 au zaidi kabla ya ndege kutua. Meli ikipakia Jumapili, mimi ningetaka ankara ikamilike Alhamisi.

Wadogo wanaochangia kontena au nafasi ya ndege waelewe jambo hili vizuri. Awali mzigo wa pamoja ungeweza kupita kwa jina la mkusanyaji. Sasa forodha inataka kuona wahusika halisi wa kila sehemu, anayetuma na anayepokea. Jirani yako akikosea, mzigo wako unaweza kukaa naye ukimsubiri. Chagua wa kuchangia naye kwa umakini uleule unaotumia kuchagua mnunuzi.

Upande wa ushuru, Tanzania huingiza bidhaa hizi Ulaya bila ushuru kama nchi yenye maendeleo duni, wakati parachichi zisizo na upendeleo hutozwa asilimia 4 au 5.1 kutegemea msimu. Nafuu hiyo inahitaji tamko la asili ya bidhaa. Mzigo ukizidi thamani ya euro 6,000, anayelitoa awe amesajiliwa katika REX, mfumo wa Ulaya wa kusajili wauzaji wa nje. Na parachichi za Njombe zikisafirishwa kupitia Mombasa zinabaki za Tanzania. Kenya ina mkataba wake na Ulaya, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na karatasi za mkataba huo si zako.

Mwisho ni namba ya EORI ya mnunuzi, inayomtambulisha kwenye forodha za Ulaya. Iombe siku mnayosaini mkataba. Usiku wa kupakia, ofisi yake Rotterdam itakuwa imefungwa.