Kunyanyua Vyuma Hakumdumazi Mtoto

Wazazi wengi, na makocha si haba, huamini kwamba mtoto anayenyanyua vyuma hatarefuka. Hofu hiyo ina chanzo: mifupa ya mtoto hukua kupitia tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha zake, na tabaka hizo zikijeruhiwa vibaya, ukuaji wa mfupa huo unaweza kuathirika. Hata hivyo, majeraha ya namna hiyo hutokana zaidi na kuanguka, kugongana uwanjani au kuchezea vyuma bila msimamizi, wala si na mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri, ambayo Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani inayakubali kwa watoto wenye afya wanaosimamiwa ipasavyo. (Mtoto anayeruka kamba hutua kwa kishindo kinachozidi uzito wake, na hakuna anayemkataza.)

Wapo wanaomtaja kama ushahidi wa hofu hiyo Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, bingwa wa Olimpiki wa kunyanyua vyuma wa 1988, 1992 na 1996, aliyekuwa na kimo cha takribani sentimita 147. Lakini vyuma havikumfupisha; ni kwamba umbo fupi humpunguzia mnyanyuaji umbali wa kuinua chuma, hivyo wafupi hufanikiwa zaidi katika madaraja mepesi. Kocha aanze na uzito wa mwili wenyewe, na chuma kiongezwe baada ya mkao kuwa sahihi.